Cheti cha Mei Mosi hakimzuii muuguzi kuhama

Kila tarehe 1 Mei, halmashauri na hospitali za Tanzania hutangaza wafanyakazi wao hodari. Muuguzi anaitwa jina, anapanda jukwaani, anapokea cheti chenye fremu na bahasha, au ahadi ya bahasha, anapigwa picha na mgeni rasmi, anashuka. Siku 11 baadaye ni Siku ya Wauguzi Duniani: maandamano ya sare nyeupe, mishumaa, kiapo, risala. Ikifika Juni, barua za kuomba uhamisho zinaendelea kupita mezani kwa mganga mfawidhi kama zilivyokuwa zikipita Machi, na pengine mwenye barua ndiye yule yule aliyepigiwa makofi.

Sisemi sherehe hizo zifutwe. Kumtambua muuguzi kwa kazi yake ni nyenzo ya kweli ya kumbakiza kazini, ila tumeiweka mahali ambapo haifanyi kazi. Tumeiweka jukwaani, mara moja kwa mwaka, mikononi mwa watu ambao hawajawahi kumwona akihudumia mgonjwa. Mahali pake ni wodini, kwa yule anayepanga rosta, na kwenye jalada la mtumishi, kwa yule anayeshughulikia madaraja. Hapo pakikaa sawa, jukwaa linapata maana. Hapo pakiwa pabovu, jukwaa linaudhi.

Tuanze na namna wauguzi wanavyoondoka, kwa sababu tiba inategemea ugonjwa. Katika utumishi wa umma wa Afrika Mashariki, muuguzi kuandika barua ya kuacha kazi si njia ya kawaida. Huhama kutoka zahanati ya kijijini kwenda mjini, mara nyingi kwa sababu ya kumfuata mwenza. Huenda masomoni, akirudi anaomba kituo kingine. Hupata mradi wa shirika lisilo la kiserikali, akaomba likizo bila malipo. Huenda Uingereza, Ghuba au Marekani. Na wapo wanaoondoka bila kuondoka: anakuja zamu, anasaini kitabu cha mahudhurio, anachoma sindano zilizoandikwa, lakini haulizi tena kwa nini mgonjwa wa kitanda cha 14 hajakojoa tangu asubuhi. Huyo wa mwisho haonekani kwenye takwimu yoyote ya upungufu, naye ndiye anayeweza kurudishwa na kutambuliwa kuliko wengine wote. Anayemfuata mume wake Dodoma hatabakizwa na cheti, na tusijidanganye.

Soko nalo limebadilika. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 kuhusu hali ya uuguzi ilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani mwaka 2023, na upungufu wa milioni 5.8. Mwaka huo huo wa 2023 shirika hilo liliorodhesha nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo nchi tajiri zinaaswa zisiende kuajiri huko kwa wingi. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Kenya haimo, nayo ilitia saini makubaliano na Uingereza Julai 2021 ya kupeleka wauguzi. Kwa muuguzi mwenye shahada na simu yenye bando, kuondoka si ndoto ya mbali tena. Ni fomu za kujaza, mtihani wa lugha na mtihani wa taaluma.

Mwanasosholojia wa Ujerumani Johannes Siegrist alieleza mwaka 1996 kwamba mtu huumia kazini pale jasho analotoa linapozidi anachorudishiwa, na alitaja vitu vitatu ambavyo mfanyakazi hurudishiwa: fedha, heshima, na usalama wa ajira pamoja na nafasi ya kupanda. Vyote vitatu huingia kwenye mizani moja, ila kimoja hakiwezi kufidia pengo la vingine kwa muda mrefu. Uingereza ilitoa mfano ulio wazi kabisa. Kuanzia 26 Machi 2020, kila Alhamisi saa 2 usiku, watu walitoka milangoni mwao kuwapigia makofi wahudumu wa afya, wiki 10 mfululizo. Machi 2021 serikali ikapendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia 1 kwa wauguzi wa Uingereza. Ililazimika baadaye kupanda hadi asilimia 3, lakini tarehe 15 na 20 Desemba 2022 chama chao, kilichoanzishwa 1916, kiliitisha mgomo mkubwa kuliko wowote katika historia yake. Makofi yale yalitolewa kwa moyo safi, lakini hesabu ilipokuja kufanywa, wauguzi waliyakumbuka kama fedheha.

Kwetu hesabu hiyo inaitwa madaraja. Muuguzi wa serikali Tanzania ana muundo wa utumishi unaosema baada ya muda gani, akiwa na utendaji mzuri, anastahili kupanda. Ana haki ya kubadilishiwa muundo anapotoka cheti kwenda diploma, au diploma kwenda shahada. Ana malimbikizo ya tofauti ya mshahara pale upandishaji unapochelewa. Ana posho ya sare, ya kuitwa kazini na ya saa za ziada. Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na walioathirika bado wanajilinganisha na wenzao wa ajira moja waliotangulia kupanda. Muuguzi aliyemaliza shahada akarudi wodini na kuendelea kulipwa kwa cheti chake cha zamani anasoma ujumbe mmoja tu: mwajiri hajamwona. Cheti cha ufanyakazi hodari hakiufuti ujumbe huo. Ni rangi juu ya ukuta unaovuja.

Kenya nayo inajua. Kuanzia 5 Juni hadi 2 Novemba 2017 wauguzi wa kaunti waligoma, karibu miezi mitano, na kiini chake kilikuwa mkataba wa pamoja wa malipo ambao haukutiwa saini. Wauguzi waliochukuliwa mwaka 2020 kwa mikataba ya mpango wa afya kwa wote wamepigania kwa miaka ajira ya kudumu yenye pensheni. Kwa muuguzi wa namna hiyo, kutambuliwa ni barua moja tu, ile ya kuthibitishwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mpango wowote wa kutambua wauguzi haina sherehe. Afisa utumishi achukue orodha ya wauguzi wote wa kituo, cheki namba moja moja, yaani namba ya utumishi ya kila mmoja, aandike safu tano: tarehe ya daraja la mwisho, elimu iliyo kwenye jalada, elimu aliyonayo kweli, malimbikizo anayodai, likizo aliyolimbikiza. Kwa hospitali ya wilaya ni kazi ya siku chache. Orodha hiyo itaonyesha watu wa aina mbili. Kuna wanaodai kwa sababu serikali haijaleta fedha au kibali; hao wanastahili kuelezwa kwa maandishi madai yao yamefika wapi. Na kuna wanaodai kwa sababu karatasi haijasogea: cheti hakikuwekwa kwenye jalada, fomu haikujazwa, barua ilikwama kati ya kituo na halmashauri. Kundi la pili ni kosa letu wenyewe na linamalizwa bila bajeti. Muuguzi anayeitwa ofisini kuambiwa, "Tumeona shahada yako haijaingia, lete nakala iliyothibitishwa tuipeleke Jumatatu," ametambuliwa kuliko aliyepewa vitenge viwili.

PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, una mtego hapo. Tathmini inategemea mtumishi aingize kazi zake mwenyewe na msimamizi azithibitishe. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku yenye wagonjwa 40 hana kompyuta wala nguvu ya kuandika alichofanya. Aliye ofisini anayo. Pasipo inchaji wa wodi kutenga muda na kifaa, pengine nusu saa kwa kila mtu kwa wiki, ndani ya saa za kazi, alama za juu zitakwenda kwa wasiogusa wagonjwa.

Sasa twende wodini, ambako mambo mengi huharibika au kutengenezeka.

Chukua wodi ya wazazi, saa 1:30 asubuhi, wakati wa ripoti. Usiku, saa 9:10, mama wa kitanda cha 3 alianza kuvuja damu baada ya kujifungua. Mkunga alikuwa ameweka chini yake mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia. Damu ikapita mililita 300 na bado inatoka, mapigo ya mama yanapanda. Mkunga hakusubiri ifike 500. Aliita msaada, akakanda mfuko wa uzazi, akatoa oksitosini ya kuukaza, akachoma asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, gramu 1 kwenye mshipa, akafungua dripu, akachunguza kama kuna mchaniko au kondo lililobaki. Damu ikakata. Utaratibu huo ndio uliojaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha uvujaji mkali na madhara yake ukipungua kwa asilimia 60. Hospitali hizo hazikupewa vifaa peke yake. Ziliteua mkunga kinara katika kila wodi, na kila mwezi wakunga walirudishiwa takwimu zao wakaona walivyofanya. Kurudishiwa matokeo ya kazi yako ni kutambuliwa pia, na ndiko kunakohesabika zaidi kwa mtaalamu.

Katika wodi nyingi, ripoti ya asubuhi hiyo ingekwenda hivi: mama wa kitanda cha 3 alivuja damu, sasa anaendelea vizuri, na mbona patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ya kitanda cha 6 haijajazwa? Mkunga anakwenda nyumbani na swali la patografu. Mara ya tatu au ya nne ya namna hiyo, anajifunza kwamba wodini huonekana kosa tu.

Inchaji anayejua kazi yake angesema, mbele ya timu ya mchana na daktari wa zamu: "Ulianza hatua damu ilipopita 300, hukungoja 500. Ndiyo maana mama hakupelekwa tiyeta." Sentensi hizo hazimalizi hata nusu dakika. Zina kitendo, zina wakati wake, zina matokeo yake. "Hongereni kwa kazi nzuri" haina hata kimoja, na wauguzi huisikia kama salamu. Suala la patografu lazima lisemwe, ila kando, na mhusika, dakika tano baadaye. Halisemwi kwa sauti ile ile na pumzi ile ile, kwa sababu anayesikia pongezi ikifuatwa na "lakini" hubaki na kilichofuata.

Ipo mipaka ya kuzingatia. Mgonjwa atajwe kwa namba ya kitanda, asitajwe jina, na habari hiyo isiende kwenye kundi la WhatsApp pamoja na picha ya jalada. Siri ya mgonjwa haiyeyuki kwa sababu tunafurahi. Pongezi zitolewe ndani ya siku mbili tatu, kabla zamu hazijabadilika na tukio kusahaulika. Na kama dripu ilifunguliwa na muuguzi msaidizi huku mhudumu wa afya akikimbilia maabara na chupa ya damu, wote watatu watajwe. Kumsifu mmoja kwa kazi ya watatu huwapoteza wawili kwa ajili ya mmoja.

Kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Kaunta buku moja, safu nne: tarehe na zamu, jina, alichofanya, nani aliona. Inchaji aandike mara moja kwa wiki, si kila siku, kwa sababu cha kila siku kitaachwa ndani ya mwezi. Faida kubwa ya daftari hilo inaonekana mwisho wa miezi mitatu, inchaji anapotafuta majina ambayo hayamo. Kwa kawaida ni ya watu wa aina mbili. Wapo wanaofanya kazi pasipoonekana: wa usiku wa kudumu, wa chumba cha kutakasa vifaa, wa kliniki ya kifua kikuu upande wa nyuma. Na wapo walioanza kukata tamaa. Wa kwanza watembelewe kazini kwao. Matroni apite saa 6 usiku angalau mara mbili kwa mwezi, na asiende kukagua nani amesinzia. Wa pili waitwe, waulizwe, na wasikilizwe kabla barua ya uhamisho haijaandikwa.

Kutoka kwenye daftari hutoka barua ya pongezi. Hiki ni chombo kizuri ambacho tumekiua kwa maneno matupu. Barua inayosema mtumishi "amejituma, ana nidhamu na ushirikiano mzuri" inaweza kuandikwa kwa mtu yeyote, kwa hiyo haimsaidii yeyote mbele ya kamati ya ajira. Barua yenye thamani huandikwa hivi: "Kati ya Januari na Machi, ukiwa kiongozi wa zamu wodi ya watoto, ulianzisha utaratibu wa kupima uzito wa kila mtoto kabla ya kuandikiwa dozi. Makosa ya dozi manne yaligunduliwa na kurekebishwa kabla dawa haijatolewa." Iwe na jina kamili, cheki namba, kituo, tarehe, na sahihi ya mganga mfawidhi. Nakala tatu: moja ya mhusika, moja ya faili la kituo, na moja, hii ndiyo inayosahaulika, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri iwekwe kwenye jalada binafsi. Mwajiri ni halmashauri. Barua inayoishia kwenye faili la kituo cha afya haitaonekana siku madaraja yanapojadiliwa, wala siku nafasi ya muuguzi mfawidhi inapotangazwa. Barua mbili au tatu kwa robo mwaka kwa kituo cha afya zinatosha. Zikiwa nyingi zinapoteza uzito.

Rosta nayo ni kutambua, tena kwa kila wiki. Muuguzi aliyeziba pengo la mwenzake aliyefiwa anadai siku, na siku hiyo iandikwe nyuma ya rosta kama deni na ilipwe ndani ya mwezi. Rosta itoke wiki mbili kabla, siyo Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu. Sikukuu zizunguke: aliyefanya Krismasi mwaka huu asiipangiwe mwakani, na vivyo hivyo Idi. Wauguzi wenye watoto wachanga wana haki ya kunyonyesha, na inchaji anayekumbuka hilo bila kuombwa hupata uaminifu ambao tuzo hainunui.

Halafu kuna semina. Tuseme ukweli: katika sekta yetu semina ni tuzo, kwa sababu ina posho, ina cheti na ina siku tatu nje ya wodi. Katika vituo vingi huenda watu wale wale, na kila mtu anawajua. Hakuna jambo linalovunja moyo wa muuguzi wa zahanati kama kusikia mafunzo ya chanjo yamehudhuriwa na mtu asiyegusa chanjo. Dawa yake ni karatasi moja ubaoni: jina, semina ya mwisho, tarehe. Anayefuata achaguliwe kwa kazi anayofanya, na wakilingana, aliyekaa muda mrefu bila kwenda. Akirudi awafundishe wenzake kwa saa moja. Karatasi hiyo itawakera wachache, na kwa hakika itapunguza manung'uniko kuliko hotuba yoyote.

Nafika kwenye kosa linalonisumbua zaidi, maana linafanywa kwa nia njema. Tunapotafuta wa kumsifu tunamchagua anayeunganisha zamu mbili, asiyekwenda likizo, anayehudumia peke yake wodi ya watu wanne. Tunamwita shujaa. Mwenzake anayeondoka saa yake ikifika anaonekana hana wito. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali za Pennsylvania, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi uliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30, asilimia 23 la muuguzi kuchoka kupita kiasi, na asilimia 15 la kutoridhika na kazi. Zamu mbili mfululizo ni hatari kwa mgonjwa, na anayezifanya kila wiki atakuwa wa kwanza kuondoka au kuumwa. Tukimpa tuzo tunaandika kwa wino rasmi kwamba upungufu umetatuliwa na moyo wake. Afisa anayeomba kibali cha ajira mpya atajibiwa kwamba kituo kinaendeshwa vizuri. Nasema wazi: kuunganisha zamu kusiwe kigezo cha tuzo yoyote. Kulipwe saa za ziada, kurekodiwe, na kupelekwe kwa mwajiri kama ushahidi wa upungufu.

Vigezo vya mfanyakazi hodari vinahitaji kuandikwa upya karibu kila mahali. Mambo mawili yanaviharibu. La kwanza ni kupeana zamu: mwaka huu maabara, mwakani famasia, mwaka unaofuata wauguzi, mpaka kila mtu ajue cheti ni cha mzunguko. La pili ni kura ya mapendekezo bila maelezo, ambayo humpa ushindi mwenye marafiki. Kinga yake ni kudai maelezo. Tuzo ya DAISY ya Marekani, iliyoanzishwa na familia ya Patrick Barnes aliyefariki mwaka 1999 akiwa na miaka 33, imeenea katika hospitali nyingi kwa sababu ya kanuni moja nyepesi: mgonjwa, ndugu au mwenzake aandike alichofanyiwa. Kamati husoma maelezo, na siku ya kutoa tuzo husomwa kwa sauti wodini kwa mhusika, mbele ya wenzake. Kinyago cha jiwe anachopewa mshindi huchongwa na wasanii wa Kishona wa Zimbabwe. Hata hivyo, kinachobaki kwa wote waliosikiliza ni yale maelezo: sasa wanajua kazi nzuri ina sura gani.

Sisi tunacho chombo tayari, sanduku la maoni, lililopigiliwa ukutani kila kituo. Limewekwa kwa ajili ya malalamiko na hutumiwa hivyo. Lipewe karatasi yenye maswali mawili ya Kiswahili chepesi: nani alikuhudumia vizuri, na alifanya nini hasa? Kwa asiyejua kuandika, mjumbe wa kamati ya afya ya kituo aandike kwa niaba yake siku ya kliniki. Asiandike mtumishi wa wodi, kwa sababu mama aliyelazwa hawezi kumkataa. Sanduku lifunguliwe kila wiki na watu wawili, mmoja akiwa mwakilishi wa wananchi. Karatasi zinazotaja zawadi au pesa aliyopewa muuguzi zitengwe zishughulikiwe kwa njia nyingine. Bila hivyo sanduku litazaa bahasha.

Tuzo kubwa za kimataifa zina kazi yake. Mwaka 2022, Dubai, Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alikuwa wa kwanza kushinda tuzo ya Aster Guardians ya dola 250,000, na kaunti ambayo wengi huiogopa kupangiwa ilisikika duniani. Hilo lina uzito kwa hadhi ya kufanya kazi pembezoni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2010 wa kuwabakiza watumishi vijijini, lilitaja tuzo na utambuzi wa hadharani miongoni mwa hatua zake. Lakini ziliorodheshwa pamoja na makazi, maji, umeme, shule za watoto, usimamizi wa kusaidia na ngazi za kupanda. Anayechukua tuzo akaacha nyumba ya mtumishi bila choo hajausoma mwongozo huo.

Nyumba inanileta kwa ajira mpya. Miezi 12 ya kwanza huamua mengi. Muuguzi kijana anashuka basi na sanduku lake, hajui atalala wapi, fedha za kujikimu hazijaingia, na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa. Kituo kinachojua leo nani anakuja kesho, kikampangia chumba, kikamkabidhi kwa muuguzi mzoefu kwa jina, na mganga mfawidhi akamwita mwisho wa wiki ya kwanza, ya nne na ya kumi na mbili kumuuliza swali moja, "Nini kinakukwamisha?", kimefanya kazi ambayo tuzo ya mwaka wa tano haitaweza kuifanya. Aliyepewa jukumu la kumpokea mgeni naye apate barua.

Ili kujua kama yote haya yanasaidia, hesabu zipo tayari kituoni: maombi ya uhamisho kwa robo mwaka, karatasi za mapumziko ya ugonjwa, zamu zilizobadilishwa dakika za mwisho, ajira mpya waliobaki baada ya mwaka. Zigawanywe kwa wodi. Mara nyingi maombi ya kuhama hutoka wodi moja au mbili chini ya inchaji mmoja, na hapo tatizo si mshahara, kwa kuwa mshahara ni ule ule kila wodi. Nchini Marekani, uchunguzi wa 1983 ulizitazama hospitali 41 zilizowavuta na kuwashikilia wauguzi wakati wengine wakiwakosa, na miongoni mwa yaliyozitofautisha ni viongozi wa uuguzi wanaosikiliza, uhuru wa muuguzi kuamua ndani ya taaluma yake, na ratiba zinazobadilika. Inchaji huteuliwa kwa ukongwe, hafundishwi kuongoza watu, kisha tunashangaa. Siku mbili za mafunzo ya kutoa ripoti, kupanga rosta kwa haki na kuandika barua ya pongezi zingegharimu kidogo kuliko kumwajiri na kumzoesha muuguzi mmoja mpya.

Fedha za Mei Mosi ziwe kifungu kwenye bajeti inayoandaliwa kabla ya Julai, na kiasi kitangazwe kwa idadi ya washindi ambayo kituo kinaweza kulipa. Hundi ya mfano ya sentimita 80 isitolewe kabla hundi halisi haijasainiwa. Kama fedha hazipo, cheti kisomwe na maelezo yake, nakala iende kwenye jalada, na mgeni rasmi asiahidi chochote kwa niaba ya mkurugenzi.